Kupima msitu wa asili kwa viwanja vya kudumu: kutoka kigingi cha kwanza hadi kiwango cha kuvuna

Kila anayesimamia msitu wa asili hufika kwenye swali moja: tuvune kiasi gani bila msitu kupungua? Jibu halipatikani kwa kuutazama msitu, hata kwa jicho la mtaalamu mzoefu, kwa sababu miti mingi ya msitu wa asili hunenepa milimita chache tu kwa mwaka. Jicho halioni milimita 3. Tepe huziona, mradi izungushwe kwenye mti uleule, mahali palepale, miaka kadhaa baadaye. Hiyo ndiyo kazi ya kiwanja cha sampuli cha kudumu, yaani kipande cha msitu kilichowekewa alama ili miti yake irudiwe kupimwa. Mengi tunayojua leo kuhusu namna misitu ya tropiki inavyokua na kufa yametokana na viwanja vya aina hii, kikiwamo kile cha hekta 50 kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, ambacho miti yake imekuwa ikipimwa upya kwa miongo kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwongozo huu ni wa timu ya watu 4 hadi 6 inayotaka kuanzisha viwanja vyake kwa usahihi unaotosha kupangia uvunaji. Tumekaa zaidi kwenye upimaji wa kipenyo, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kugundua.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali mawili

Kuna swali la kilichosimama leo: miti mingapi, ya aina gani, ujazo gani. Hili hujibiwa na viwanja vya muda, vidogo na vingi, vinavyopimwa mara moja na kuachwa. Na kuna swali la mwendo: miti inakua kwa kasi gani, inakufa kwa kasi gani, mingapi mipya inaingia. Hili hujibiwa na viwanja vya kudumu, vikubwa na vichache. Mpango wa kuvuna unahitaji majibu yote mawili. Timu nyingi hufanya la kwanza, kisha hulijaza la pili kwa kukisia, na makisio hayo ndiyo yanayomaliza msitu.

Kwa viwanja vya muda, idadi hupatikana hivi. Pima kwanza viwanja 10 vya majaribio na utafute mgawo wa mtawanyiko wa ujazo, yaani mkengeuko wastani (kadiri vipimo vinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ukigawanywa kwa wastani, kwa asilimia. Zidisha mgawo huo kwa 2, gawanya kwa asilimia ya kosa unayoweza kuvumilia, kisha kipeo cha pili. Mtawanyiko ukiwa 50% na kosa unalolivumilia 15%, unahitaji viwanja 45. Ukitaka kosa lishuke hadi 10%, idadi inaruka hadi 100. Kupunguza kosa kwa nusu hugharimu viwanja mara 4, kwa hiyo amua mapema usahihi gani unauhitaji kweli. Ukigawa msitu kwa matabaka yanayofanana ndani yake (bonde, mteremko, kilele, eneo lililowahi kuvunwa), mtawanyiko hushuka na kazi hupungua.

Kwa viwanja vya kudumu, hekta 1 kwa kila kiwanja ni ukubwa mzuri: mti mmoja mkubwa ukianguka hauyumbishi hesabu yote. Weka angalau 3 katika kila tabaka, na hakikisha baadhi viko kwenye maeneo yatakayovunwa na vingine kwenye maeneo yasiyoguswa kabisa. Bila hivyo hutaweza kamwe kutofautisha athari ya msumeno na athari ya ukame.

Hatua ya 2: Acha kura ichague mahali

Gawa ramani ya kila tabaka kwa miraba, ipe namba, piga kura. Palipoangukia ndipo hapo, hata kama ni kichaka cha miiba au uwazi uliojaa magugu. Binadamu akiachiwa kuchagua hupeleka kigingi kwenye miti minene na sakafu safi. Kiwanja kilichojaa miti mikubwa kupita kawaida hakina pa kwenda ila chini: majitu yake yatakufa moja baada ya jingine, na baada ya miaka 15 takwimu zitasema msitu unakufa ilhali ni kiwanja tu kinachorudi kwenye hali ya kawaida ya msitu.

Kiwanja kikiangukia mpakani mwa tabaka au barabarani, kanuni ya kukihamisha iwe imeandikwa kabla ya kwenda uga, kwa mfano mita 100 kuelekea kaskazini. Isitungwe papo hapo.

Hatua ya 3: Piga mistari

Vifaa: dira, klinomita ya kupimia mteremko, tepe mbili za mita 50, kipokezi cha GPS, mabomba ya plastiki magumu au vyuma vya pembe kwa ajili ya kona, na kamba za rangi. Kiwanja ni mraba wa mita 100 kwa 100, uliogawanywa kwa vipande 25 vya mita 20 kwa 20. Vigingi vya kona viingie ardhini angalau sentimita 50. Vya mbao vitaliwa na mchwa kabla hujarudi.

Kumbuka kwamba hekta ni eneo la mlalo, kama linavyoonekana kwenye ramani. Kwenye mteremko, tepe inayofuata ardhi lazima irefushwe. Ili kupata mita 20 za mlalo, vuta mita 20.31 kwenye mteremko wa nyuzi 10, 20.71 kwenye nyuzi 15, 21.28 kwenye nyuzi 20, 22.07 kwenye nyuzi 25 na 23.09 kwenye nyuzi 30. Gawanya 20 kwa kosaini ya pembe na utapata namba yoyote ya katikati. Ukisahau marekebisho haya kwenye mteremko wa nyuzi 20, hekta yako ina 0.94 tu ya hekta, na kila hesabu itakayofuata itakuwa pungufu kwa 6%.

Sahihisha mteremko kila baada ya mita 20, si mara moja kwa upande mzima, kwa kuwa ardhi hubadilika. Mpiga dira akae mbali na panga, simu na vigingi vya chuma. Mzunguko ukifunga na kona ya mwisho ikapishana na ya kwanza kwa zaidi ya mita moja, rudia upande uliokosewa. Usiisogeze kona ili ifunge.

Fyeka kidogo iwezekanavyo. Njia ya kupitisha tepe inatosha. Miche iliyokatwa na wapimaji ni vifo ambavyo msitu wenyewe haukuvisababisha.

Hatua ya 4: Pima kipenyo

Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, unapimwa, unawekwa bamba la namba na unachorwa kwenye ramani ya kiwanja. Mti ulio juu ya mstari wa mpaka ni wako iwapo zaidi ya nusu ya shina lake, pale linapoingia ardhini, iko ndani.

Kata fimbo nyoofu ya mita 1.3 kamili. Isimamishe ikigusa udongo, si juu ya rundo la majani makavu ambalo mwaka huu lina sentimita 8 na mwaka mwingine halipo. Kwenye mteremko, isimamishe upande wa juu wa mti. Ondoa kwa mkono ukoga na magamba yaliyokwisha kuachia, ila usibandue gome lililoshika. Pitisha tepe chini ya mimea inayotambaa juu ya shina, kwa kuiinua bila kuikata. Tepe izunguke kwa usawa, isilale upande mmoja, ivutwe ikaze bila kubonyeza gome. Mpimaji ataje namba, mwandishi airudie kwa sauti huku akiandika.

Kabla ya kuondoka kwenye mti, chora mstari wa rangi ya mafuta palepale tepe ilipokaa, kuzunguka shina lote. Kazi ya mstari huu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Shina huchongoka kuelekea juu, na sentimita chache za tofauti ya kimo zinaweza kumeza sehemu ya ukuaji wa mwaka. Anayerudi baada ya miaka 5 hapimi tena mita 1.3 kwa fimbo. Anapima mstari.

Bamba lifungwe kwa msumari wa aluminiamu sentimita 30 juu ya mstari, kila mti kwa umbali huohuo. Ukipigilia msumari kwenye mstari wenyewe, mti utavimba kuziba jeraha na wewe utapima uvimbe. Aluminiamu haishiki kutu, tena ni laini kwa msumeno ikitokea mti huo kuvunwa siku moja. Acha nusu ya msumari ikiwa nje ili shina lisilimeze bamba linaponenepa.

Sasa miti yenye ukaidi, ambayo ndiyo hasa inayotofautisha timu nzuri na mbaya:

Mti ulioinama hupimwa mita 1.3 kwa kufuata shina, upande ule lilikoinamia, na tepe huwa pembe mraba na shina, si na ardhi. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 hupimwa kila shina peke yake, kwa bamba moja na herufi a, b, c. Uliogawanyika juu ya hapo ni shina moja. Penye uvimbe, kovu au tawi kwenye mita 1.3, sogea juu au chini hadi shina linapokuwa la kawaida, kisha andika kimo hicho kwenye fomu.

Miti yenye mizizi iliyopanda shinani kama kuta ndiyo migumu kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndiyo mara nyingi mikubwa zaidi, yenye sehemu kubwa ya ujazo wa kiwanja. Panda sentimita 50 juu ya pale kuta zinapoishia, upime hapo, na uandike kimo. Chukua ngazi. Kukadiria kwa macho kutoka chini ni kosa la sentimita nyingi kwenye mti ambao hauruhusu kosa. Kuta hizo nazo hupanda kadiri miaka inavyokwenda. Ukiona zinakaribia mstari wa zamani, pima mstari wa zamani na uweke mpya juu zaidi siku hiyohiyo, ukiandika vipimo vyote viwili. Anayehamisha mstari bila kupima wa zamani ameukata mnyororo wa kumbukumbu za mti huo.

Onyo la mwisho kuhusu tepe: nyingine zina alama za mzingo upande mmoja na za kipenyo upande wa pili. Mzingo wa sentimita 31 ukiandikwa kama kipenyo, umeingiza kwenye msitu mti mnene ambao kwa kweli haufiki hata sentimita 10. Ziba upande usioutumia kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kutoka kambini.

Urefu hauhitajiki kwa kila mti. Pima takriban miti 50 kwa hekta, kutoka madaraja yote ya unene, ukisimama umbali unaokaribia urefu wa mti wenyewe. Ukisimama karibu mno, utalenga ukingo wa matawi ukidhani ni kilele.

Hatua ya 5: Majina

Jina la kienyeji linaweza kubeba spishi 3, na spishi 1 inaweza kuwa na majina 4. Andika jina la kienyeji kama lilivyotajwa na mjuzi wa miti wa eneo hilo, kisha lifunge na sampuli: tawi lenye majani, na ua au tunda likipatikana, lililokaushwa kati ya magazeti na kupewa namba ya bamba la mti. Sampuli ziende kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kuthibitishwa. Mti usiojulikana uandikwe “haujulikani 1”, “haujulikani 2”. Jina la kukisia ni baya kuliko kukosa jina, kwa maana hakuna atakayerudi kulihakiki.

Hatua ya 6: Watoto wa msitu

Ndani ya vipande 5 kati ya 25, vilivyochaguliwa kwa kura, pima fito zenye kipenyo cha sentimita 5 hadi 9.9. Katika kona ya kila kipande hicho, weka eneo la mita 5 kwa 5 kwa miti michanga iliyovuka mita 1.3 lakini haijafika sentimita 5, na mita 2 kwa 2 kwa miche ya chini ya hapo. Andika pia kama eneo hilo lina kivuli kizito, mwanga kiasi, au liko kwenye uwazi.

Data hii husomwa kwa uangalifu. Spishi zinazovumilia kivuli huwa na wadogo wengi sana, wa kati wachache, wakubwa wachache zaidi. Spishi zinazopenda mwanga, kama mahogani ya Amerika (Swietenia macrophylla), zinaweza kuwa na wakubwa wa kutosha huku wadogo wakikosekana kabisa chini ya kivuli. Kwa spishi kama hizo, kuvuna bila kuacha miti mama (miti mikubwa ya kutoa mbegu) na bila uwazi wa kutosha kwa miche ni kuvuna kizazi cha mwisho.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kuondoka

Timu tofauti ipime upya 5% hadi 10% ya miti bila kuona namba za kwanza. Tofauti zikizidi milimita 3 kwenye miti mingi ya shina laini, tatizo ni la mpimaji, na kiwanja kirudiwe. Data iingizwe kwenye kompyuta mara mbili na watu wawili, kisha faili zilinganishwe. Fomu za karatasi zipigwe picha jioni hiyohiyo.

Hatua ya 8: Rudi

Miaka 5 ni muda mwafaka. Ukirudi baada ya mwaka 1, kosa la kupima linakaribia ukuaji wenyewe. Ukingoja miaka 15, mabamba yamemezwa na miti mingi imeota na kufa pasipo kuonekana. Rudi msimu uleule: shina hupungua kidogo ukame ukiwa mkali na huvimba mvua ikinyesha.

Beba namba za zamani, ila ziwe kwa kiongozi wa timu tu. Mpimaji apime kwanza, kiongozi alinganishe papo hapo. Mti uliopungua zaidi ya milimita 5, au ulioongezeka zaidi ya milimita 75 kwa mwaka, upimwe tena kabla hamjasogea. Kwa kila mti uliokufa andika namna: umesimama mkavu, umevunjika, umeng’oka, au haupo. Kila mti mpya uliofika sentimita 10 upewe namba mpya, na namba ya marehemu isitumike tena.

Kiwango cha vifo: gawanya miti iliyobaki hai kwa ile ya mwanzo, chukua kipeo cha 1/t ambapo t ni miaka, kisha utoe jibu kwenye 1. Miti 500 ikibaki 463 baada ya miaka 5, vifo ni 1.5% kwa mwaka.

Hatua ya 9: Kutoka milimita hadi idadi ya miti ya kuvuna

Tuchukue spishi moja ya mbao ambayo kipenyo cha chini cha kuvuna ni sentimita 60, na mzunguko wa kuvuna, yaani muda kati ya uvunaji mmoja na unaofuata, ni miaka 30. Hesabu ya leo kwa hekta: miti 3 ya sentimita 40 hadi 50, miti 2 ya 50 hadi 60, na miti 2.5 iliyovuka 60. Viwanja vya kudumu vinasema inakua milimita 5 kwa mwaka na inakufa kwa 1.5%.

Katika miaka 30 kila mti utaongezeka sentimita 15. Kwa hiyo wote wa 50 hadi 60 watavuka, pamoja na nusu ya juu ya daraja la 40 hadi 50: jumla 3.5. Vifo vya 1.5% kwa miaka 30 vinaacha 0.635 ya hao, yaani 2.2. Toa 10% kwa wale watakaovunjwa na miti inayoangushwa: 2.0. Ukiacha miti mama 0.5 kwa hekta na kuvuna 2.0, mzunguko ujao utakuta 2.0 mipya na mabaki ya miti mama yapatayo 0.3. Mwaka ule ukitaka tena kuvuna 2.0, miti mama itakuwa pungufu. Kiwango hicho kiko ukingoni kabisa, tungeshauri 1.7.

Sasa badilisha namba moja tu. Tuseme ukuaji halisi ni milimita 3, na zile 5 zilitokana na mistari iliyohama. Miaka 30 inaleta sentimita 9, wanaovuka ni 1.8, na baada ya vifo na uharibifu hubaki 1.0. Uvunaji uliodhaniwa endelevu ulikuwa mara mbili ya uwezo wa msitu. Tofauti ya milimita 2 kwa mwaka ni sentimita 1 ya kipenyo katika miaka 5: kosa ambalo tepe iliyopanda juu ya mizizi hulifanya kwa urahisi.

Fanya hesabu hii kwa kila spishi peke yake. Wastani wa msitu mzima huficha spishi ghali inayokwisha nyuma ya spishi duni inayostawi. Tumia kiwango cha chini cha ukuaji ndani ya upeo wa makosa yako, si cha kati.

Kiwango kikishapatikana, uharibifu wa 10% hautatimia wenyewe. Mimea inayounganisha vilele ikatwe miezi 6 hadi 12 kabla ya kuvuna, miti ya kuvunwa na njia za kuburutia magogo ziwekwe kwenye ramani, kila mti uangushwe kuelekea njia, na kingo za vijito zisiguswe.

Msitu ukihitaji pia hesabu ya kaboni, data ileile inatosha. Mlinganyo wa Jérôme Chave na wenzake wa 2014 kwa misitu ya tropiki hutoa biomasi (uzito mkavu wa mti) ya juu ya ardhi kwa kilo: 0.0673 × (densiti ya mbao × kipenyo² × urefu), mabano yakiwa na kipeo cha 0.976, kipenyo kikiwa kwa sentimita, urefu kwa mita na densiti kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Mti wa sentimita 30, urefu wa mita 20 na densiti 0.6 unatoa kilo 582 hivi. Zidisha kwa 0.47, sehemu ya biomasi iliyo kaboni, na kaboni ni kilo 273. Palipo na mlinganyo uliotengenezwa kwa miti ya aina ya msitu wako, tumia huo.

Hifadhi nakala ya data mahali patatu tofauti, pamoja na maelezo ya kila kona, kanuni za kupima na orodha ya mistari iliyohamishwa na kimo chake. Atakayepima mara ya tatu huenda hajawahi kukutana nanyi, naye atategemea karatasi hizo tu.